Mpini Uliokaa Kwenye Goti la Mama

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata ninapojitahidi kuisahau, mwanangu Tumaini, na picha ulizonitumia kwenye simu wiki hii zimeirudisha yote. Umenitumia lifti tatu. Moja ina kuta za kioo, moja iko wazi na ina vyuma vya pembeni tu, na ya tatu ni kiti kinachopanda kwenye reli ya ngazi, kimembeba mzee wa Kizungu anayecheka peke yake. Ukaandika, "Mama, chagua unayoipenda, Baba Rehema anataka kuagiza kabla mwezi haujaisha." Najua wewe na mumeo mnataka nihame Kilosa nije kukaa nanyi Mikumi. Najua vyumba vyenu viko juu ya maduka, na haya magoti yangu siku hizi hayapandi hata kizingiti cha kanisa bila kulalamika. Nawashukuru sana. Lakini leo sichagui. Kwanza nikueleze kwa nini bibi yako aliondoka nyumbani kwetu hapa Mabwerebwere, maana watu walisema amekumbuka milima yake, nawe ukaamini hivyo mpaka leo.

Nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Nilikuwa msichana kule Lumuma, baba yako ameshaleta posa na imeshapokelewa. Jumapili moja tulikuwa tunatoka ibadani, mimi na mama, tunapita ile njia nyembamba iliyo kando ya mfereji wa vitunguu. Upande mmoja maji, upande mwingine shamba la watu. Mbele yetu akatokea baba yako na mjomba wake, wanakuja kwetu kusalimia. Wewe unajua mila yetu ilivyokuwa: mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hamgusi, hali naye, haketi naye chumba kimoja. Baba yako hakufikiri mara mbili. Aliruka ndani ya mfereji na viatu vyake vya Jumapili, maji yakamfika magotini, akatugeuzia mgongo, akaviamkia vitunguu: "Shikamoo mama!" Mama naye akajifunika kanga usoni, akaitikia akiwa ametazama upande mwingine, "Marahaba, baba." Tukapita. Nilicheka mpaka nikajikwaa. Jioni mama akaniambia, "Huyu amelelewa. Nenda naye." Na mimi moyoni nilikuwa nimeshakwenda, tangu pale kwenye mfereji.

Nakusimulia haya ili usije ukadhani baba yako alimchukia mama yangu. Ilikuwa kinyume kabisa. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, gunia la kwanza la mahindi lilikwenda Lumuma kabla sisi hatujaonja. Alimpenda kwa mbali, kama alivyofundishwa. Mimi niliona fahari kuwa na mume wa namna ile, na wenzangu walinionea wivu.

Kisha mama akapata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikafa, ulimi ukabaki mzima, tena mkali kuliko zamani. Kaka zangu wakamteremsha kutoka mlimani, tukakaa naye Mabwerebwere karibu na hospitali. Nyumba yetu unaifahamu. Baba yako aliinua msingi juu sana baada ya mto kuingia ndani mwaka ule, na ngazi za barazani zikawa ndefu. Aliyejenga kwa kuogopa maji hakumfikiria mtu wa kiti cha magurudumu.

Mwanzoni majirani walisaidia. Mama Zuhura, yule wa nyumba ya pili, alikuja na wanawake wenzake, wakamnyanyua mama na kiti chake, wakampandisha huku wanatania na kucheka. Baba yako akisikia tu kwamba mama anapandishwa au anashushwa, alitoka mlango wa nyuma, akazunguka, akasimama barabarani ametazama wapita njia mpaka mtu amwite, "Tayari!" Watu wa mtaa walizoea kumwona pale. Wengine walimtania kwamba ameajiriwa kuhesabu baiskeli. Yeye alitabasamu tu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mgongo wa Mama Zuhura ukagoma. Mwenzake mmoja akahamia Morogoro, mwingine akaanza kuugua. Tukamwita fundi atujengee mteremko wa zege. Akapima, akatikisa kichwa, akasema kwa urefu wa msingi ule mteremko usiomuua mtu ungefika barabarani, labda tubomoe uzio wa jirani. Mwanangu, kama mna nafasi ya mteremko hapo Mikumi, jengeni mteremko na muache habari za mashine. Sisi hatukuwa nayo. Ndipo likaja wazo la lifti.

Tulikwenda Dar es Salaam mimi na baba yako. Muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima zake, akatuonyesha aina mbili. Ya kwanza mota yake ilikaa chini, na mpini wa kuishushia umeme ukikatika ulikuwa huko huko chini, mtu anazungusha akiwa amesimama uani. Ila ilitaka kuchimbiwa shimo. Ya pili haikuhitaji shimo, kwa sababu mota ilipanda na kushuka pamoja na jukwaa lenyewe. Tukatazamana. Shimo, Kilosa? Mto ukipumua tu, shimo limejaa matope. Tukachagua ya pili, na hata leo siwezi kusema tulikuwa wajinga kwa hilo.

Baba yako aliuliza maswali ya mtu mzima. Inabeba uzito gani, kutu itakuwaje, mvua ikipiga nyaya zitapona. Halafu akasogea karibu na yule kijana, akashusha sauti.

"Mgonjwa wetu anaweza kupanda mwenyewe? Namaanisha, bila kushikwa na mtu?"

"Hakuna wa kumshika, mzee. Anabonyeza tu."

Ungemwona baba yako alivyonigeukia! Uso wake ulifunguka. Alikuwa amepata kitu kitakachomlinda mama mkwe wake na mikono yote, ya kwake kwanza. Tulitoka pale tunafurahi kama tumefunga ndoa upya.

Fundi alikuja kuifunga, akaweka nguzo, akafunga nati ndani ya zege. Mama akaketi kwenye kiti chake juu ya jukwaa ili lifti ijaribiwe. Fundi akachutama upande wake wa kulia, akabandua kizibo cha mpira kilichokuwa usawa wa goti la mama, akachomeka mpini. "Umeme ukikatika," akasema, "mtu anapanda hapa, anachomeka hivi, anazungusha kushoto. Jukwaa litashuka taratibu." Na mkono wake, alipokuwa anazungusha, ulikuwa unapita pale pale kwenye kanga ya mama.

Baba yako alikuwa amesimama mbali, kule kwenye tangi la maji. Mama aliivuta kanga yake kwa mkono wa kushoto. Mimi nilitazama chini. Sote watatu tuliliona jambo lile lile kwa wakati mmoja, na hakuna aliyelisema. Ungelisemaje? Ungeanzia wapi, mbele ya mama mwenyewe, kuuliza ni mkono wa nani utakaopita hapo siku wanawake wasipokuwepo? Ingekuwa utovu wa adabu. Na kwamba mpini uko upande wake uliokufa, asioweza kuufikia mwenyewe, hilo nalo tulilimeza.

"Mmeelewa?" fundi akauliza.

"Tumeelewa," baba yako akajibu kutoka kule kwenye tangi. Tukampa fundi soda, akaondoka zake.

Nisiisingizie mashine. Mama aliipenda ile lifti. Uchungu wa miezi yote aliyobebwa kama mzigo ulimtoka. Alijisukuma kwa mkono mmoja na mguu mmoja mpaka jukwaani, akabonyeza, akapanda ameinua shingo, akampigia kelele Mama Zuhura ng'ambo ya uzio, "Jirani, napita na gari langu!" Alishuka asubuhi kuota jua, akapanda, akashuka tena mchana bila sababu yoyote. Nilikuwa namsikia akicheka peke yake barazani. Baba yako naye aliacha kwenda kusimama barabarani. Aliketi ua wa nyuma na redio yake, ametulia.

Kisha ukajifungua Rehema, nami nikaja Mikumi kukuogesha. Unakumbuka mchana ule nilipokea simu nikatoka nje, nikarudi macho mekundu, nikakwambia ni moshi wa jikoni. Haukuwa moshi.

Ilikuwa hivi. Mama alishuka uani asubuhi kwa lifti yake, Mama Zuhura akakaa naye, kisha mtaani kukatokea msiba, na wanawake wote wakaenda kupika na kuzika. Mama Zuhura alimwambia atarudi mapema. Mawingu yakajikusanya. Mama hakungoja mtu, kwa nini angoje, ana gari lake? Akaingia jukwaani, akabonyeza. Lifti ikapanda, ikafika katikati, umeme ukakatika. Akabaki juu, si uani si barazani, na mvua ikaanza.

Baba yako alimsikia akiita. Alikimbia, akaona, akakimbilia mtaani kutafuta mwanamke yeyote. Milango imefungwa, wote wako makaburini. Akarudi, akaleta meza ya chakula, akaiweka kando ya jukwaa, akapanda na mwavuli. Ndipo akanipigia.

"Panda uzungushe mpini!" nikamwambia.

"Mama Tumaini, uko pale kwenye goti lake."

"Fumba macho."

"Nimefumba. Mkono haukubali."

"Baba Tumaini, ni mama yangu, mimi nakuruhusu! Nakuomba!"

Nikasikia mvua kwenye simu. Nikasikia sauti ya mama kwa mbali, lakini maneno sikuyashika. Kisha simu ikakatika. Nilikwenda stendi, gari la Kilosa lilikuwa limeshaondoka.

Kilichofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana hata neno. Baba yako alisimama juu ya meza, amenyoosha mkono kumfunika mama kwa mwavuli, na uso ameugeuzia barabarani. Yeye mwenyewe analowa. Mvua ilikuwa ya upande, mwavuli haukusaidia. Mama alitetemeka. Haja ilimbana, naye ni mtu aliyejistahi maisha yake yote. Alivumilia mpaka pale mtu anaposhindwa kuvumilia. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuna mama mkwe wa kwetu niliyewahi kusikia amelifanya. Alijifunua kanga usoni, akamtazama, akamwita.

"Baba Tumaini. Geuka. Njoo unitoe, mwanangu."

Baba yako aligeuka. Walitazamana, kwa mara ya kwanza tangu anioe. Naye akarudi nyuma. Alirudi nyuma, Tumaini, mguu ukakosa meza, akaanguka kwenye matope, mwavuli ukaenda na upepo. Akiwa pale chini alisema, "Mama, siwezi. Nisamehe mama, siwezi."

Mama hakuita tena. Haja ikamshinda pale pale, mbele ya mkwe wake.

Wanawake waliporudi kutoka makaburini, Mama Zuhura alipanda kwenye meza na mgongo wake mbovu, akachomeka mpini, akazungusha. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Nilifika kesho yake. Baba yako alikuwa ameketi ngazi ya nyuma, hajala. Mama alikuwa kitandani ametazama ukuta. Nilidhani atamlaumu, nami nilikuwa nimejiandaa kumtetea mume wangu, au kumlaumu pamoja naye, sijui. Hakumlaumu. Alisema, "Hakukosea kitu. Alifanya kama alivyolelewa, na mimi ndiye niliyekwambia uende naye kwa sababu hiyo." Kisha akasema, "Lakini nilimwita akarudi nyuma. Mtu niliyemwita akarudi nyuma, nitakaaje nyumbani kwake? Nirudisheni Lumuma."

Nililia, nikabembeleza, nikaapa kuihamisha ile lifti. Hakubadilika. Kaka zangu walikuja na pikapu. Alikataa kushuka kwa lifti, akashushwa na wanawake, kama mwanzo. Baba yako alikuwa barabarani ametugeuzia mgongo, na safari hii hakuna aliyemwita "Tayari". Pikapu ilipita mbele yake, naye akainamisha kichwa.

Mama hakumaliza msimu wa vitunguu. Nyumba ya kaka haikuwa na ngazi hata moja, na bado hakutaka kutoka nje. Tulipanda mlimani kumzika. Na pale, walipoinua jeneza, baba yako alitoka kwenye kundi la wanaume, akaweka bega lake mbele, akalibeba mpaka kaburini. Hakuna aliyemzuia, maana mila inaruhusu. Mila ilimruhusu kumbeba amekufa! Nilimtazama jasho likimtoka, nikamhurumia, na papo hapo nikamkasirikia kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Tuliishi vizuri baada ya hapo, wewe ni shahidi. Ila kila mvua ilipopiga alizima redio. Mpaka anakufa hakuwahi kukaa barazani tena. Lifti tuliiuza kama chuma chakavu, nguzo ikabaki kwa sababu ilikataa kung'oka, na ndiyo ninayofungia kamba ya nguo mpaka leo.

Sasa sikia, mwanangu. Usiniulize rangi wala kioo. Muulize muuzaji umeme ukikatika mimi niko katikati nitashukaje, na asikueleze kwa mdomo. Azime umeme mbele yako, uketi wewe juu yake, na Baba Rehema ndiye aishushe kwa mkono. Tazama mkono wake unapita wapi kwenye mwili wako, ujue utapita hapo hapo kwenye wangu. Uliza kama mimi mwenyewe naweza kuufikia mpini, na kwa mkono upi, maana huu wa kushoto hauna nguvu. Yule kijana wa Dar hakutudanganya. Alijibu tulichomuuliza, nasi tuliuliza jinsi ya kutomgusa mgonjwa. Hatukuuliza nani atamgusa. Ninyi ulizeni hilo, mliseme kwa sauti, hata kama mtaona haya, na mlisemee sebuleni nikiwa nimeketi hapo hapo nasikia. Aibu ya siku moja inapita.

Na kabla lifti haijafungwa, mlete mumeo hapa. Anipe mkono. Anishike bega, aninyanyue kwenye kiti anipeleke mpaka mlangoni, mbele ya Mama Zuhura na yeyote atakayetaka kucheka. Tufanye mchana, tukiwa wazima, hakuna mvua, hakuna haja. Nikimwita siku hiyo, aje.

Ninakwambia hivi, lakini nisikufiche lililo moyoni. Mwezi uliopita Baba Rehema alipokuja kunisalimia, aliinama mlangoni, akasema shikamoo mama, na kitambaa changu kikaanguka karibu na miguu yangu. Alinyoosha mkono akiokote. Mimi, ninayeyajua yote haya, mimi niliyelia kwenye ile simu, niliuvuta mguu wangu nikauficha chini ya kanga. Naye akaona, akaurudisha mkono. Tangu siku hiyo silali vizuri, maana naogopa sitaweza, na naogopa naye hataweza, na mtatumia fedha yenu kuninunulia mahali pa juu pa kukwamia.

Mungu aibariki nyumba yenu ya Mikumi, awape umeme usiokatika na moyo wa siku utakapokatika. Ampe mumeo mikono isiyorudi nyuma. Nami anipe, kabla sijapanda chombo chochote, ujasiri wa kuuacha mguu wangu pale ulipo.